Sosi ya Zabibu Iliyorudisha Jumamosi Yetu Nyumbani

Nikimwambia mtu wa Dar kwamba naishi Chang'ombe, moja kwa moja anajua ni ile ya Temeke. Hapana mwenzangu! Nazungumzia Chang'ombe ya Dodoma, huku kwenye upepo, vumbi, zabibu na mbuzi wa kuchoma. Nilihamia mwaka 2017, pale serikali ilipokuwa inahamishia watumishi wake makao makuu, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Nilifunga virago nikamfuata, kama ndoa inavyotaka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Dodoma ina Jumamosi yake. Siku hiyo ni mnada wa Msalato, barabara ya kwenda Arusha, na asiyekwenda kununua mifugo anakwenda kula nyama. Mume wangu alipelekwa na wenzake wa kazini mara moja, ikawa basi. Kila Jumamosi saa saba mchana anachukua funguo, "narudi sasa hivi mama", halafu anarudi saa nne usiku ananukia moshi, mkononi ana kifurushi cha nyama iliyopoa. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu ya wikiendi.

Nililalamika, sikusikilizwa. Nikanuna, hakuona. Siku moja nikamuuliza kwa nini asichomee nyama hapa hapa nyumbani. Akanijibu kwa upole kabisa, "Nyama ya nyumbani haina ladha, mke wangu."

Mpenzi msomaji, kuna maneno madogo yanayouma kuliko matusi.

JARIBIO LA KWANZA LILIUNGUA

Nikaamua kupambana. Wiki iliyofuata nilinunua kilo mbili za mbuzi, nikatengeneza sosi ya nyanya na sukari nyingi, nikaipaka nyama yote, nikaitupia kwenye jiko la mkaa. Dakika kumi nyingi, nyama ikawa nyeusi tii. Nikakata kipande: ndani damu. Mume wangu alikula vipande viwili, akasema asante, akachukua funguo.

Kuna mama wa makamo anayepita mtaani kwetu na ndoo ya zabibu. Jumatatu alinikuta nasugua wavu wa kuchomea. "Mbukwenyi," akanisalimia Kigogo, akachungulia ule weusi, akacheka. "Mwanangu, sukari na moto mkali havikai nyumba moja." Nikamsimulia mkasa wote. Akanisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyama umenunua wewe, moto umewasha wewe, sosi umepika wewe. Sasa mumeo alikuwa nani hapo, mgeni?"

Nilibaki mdomo wazi. Kule mnadani ana kazi yake: anachagua nyama, anabishana bei, anageuza mshikaki, anachekwa akiunguza. Nyumbani nilikuwa nimemuwekea sahani tu.

KWA NINI ZABIBU?

Nilinunua zabibu za yule mama, na hapo ndipo sosi ya kweli ilipozaliwa. Dodoma ndiyo nyumbani kwa zabibu Tanzania, na kituo cha utafiti cha Makutupora ndicho kinachoshughulikia zao hilo. Mzabibu wa huku huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu zake nyeusi nyingi ni za kutengenezea mvinyo: ngozi nzito, mbegu ndani, utamu wenye ukali kidogo. Ukizila hivi hivi unaweza kulalamikia mbegu, lakini ukizipika zinatoa rangi ya damu ya mzee na ladha nzito ambayo nyanya peke yake haina.

Mwenzake ni ukwaju. Nyama ya mbuzi ina mafuta, na uchachu ndio unaoyakata mdomoni. Watu wa pwani wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana mishkaki inapata sosi ya ukwaju. Hata ile sosi maarufu ya Kiingereza ya Worcestershire ina ukwaju ndani yake. Wamarekani nao wana yao: Kansas City wanapenda nzito na tamu yenye nyanya, Carolina ya Kaskazini wanapenda nyepesi yenye siki. Kote huko mchezo ni ule ule: utamu, uchachu, pilipili na moshi vipatane.

Utamu uliobaki unatoka kwenye asali. Ukipata ya wale wanaorina kienyeji kwa kufukiza moshi, mara nyingine inakuja na harufu ya moshi tayari. Usiikimbie, hapa inafaa.

MAHITAJI

Sosi hii inatosha nyama kilo mbili hadi tatu:

Zabibu nyeusi nusu kilo
Nyanya zilizoiva 4
Vitunguu maji 2 vikubwa
Kitunguu saumu kichwa 1
Ukwaju gramu 100
Asali vijiko vya chakula 4
Tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba
Pilipili mbuzi 1 (kama nyumba yenu haiogopi, ziwe 2)
Bizari nyembamba ya unga kijiko cha chai 1
Pilipili manga ya unga nusu kijiko cha chai
Chumvi kijiko cha chai 1
Mafuta ya alizeti vijiko vya chakula 2
Samli kijiko cha chai 1

KAZI YA KWANZA: MOTO

Hii mpe mwenzako, awe mume au mke, yule ambaye kwa kawaida anasubiri kuitwa mezani. Awashe mkaa nje ya nyumba, mahali penye hewa. Usithubutu kuingiza jiko la mkaa chumbani au jikoni mlikofunga madirisha, kwa sababu gesi yake haina harufu na inaua. Na kama amewashia mafuta ya taa, asubiri harufu iishe kabisa na mkaa uwe na majivu meupe juu, la sivyo sosi yenu itanukia kibatari.

Mkaa ukikolea, weka nyanya, vitunguu vizima na kitunguu saumu juu ya wavu, vyote na maganda yake. Geuza mpaka maganda yawe meusi na ndani viwe laini. Vitunguu vinachukua kama dakika 20, nyanya huwahi. Hapa ndipo moshi wa kwanza unapoingia. Vikipoa menya, lakini usivioshe kwa maji na usihangaike na kila doa jeusi. Madoa machache ndiyo ladha yenyewe.

KAZI YA PILI: CHUNGU

Loweka ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto kwa dakika 20, uvuruge kwa mkono, uchuje. Chemsha zabibu na maji robo kikombe kwa dakika 10 hadi zipasuke, kisha zikamue kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Usizisage kwenye blenda na mbegu zake! Mbegu zikisagika zinaleta uchungu.

Twanga au saga nyanya, vitunguu, saumu, tangawizi na pilipili. Pasha mafuta, kaanga bizari nusu dakika tu, mimina ulichosaga, kisha rojo la zabibu, ukwaju, asali, pilipili manga na chumvi. Punguza moto. Sasa iache ichemke polepole dakika 30 hadi 40, huku mtu anakoroga, mpaka ikishikilia mgongo wa kijiko isidondoke kama maji. Tumia sufuria isiyo ya alumini kama unayo, na kwa vyovyote usiilaze humo, maana uchachu unakula alumini na sosi inapata ladha ya chuma.

Mwisho, moshi wa pili. Epua sufuria, weka kibakuli kidogo cha chuma katikati ya sosi kielee au kisimame. Tia kaa moja la moto ndani ya kibakuli, lidondoshee samli, funika haraka. Moshi utajaa. Hesabu dakika tano, fungua. Mbinu hii ni ya Wahindi, wao huiita dhungar, na inashinda harufu ya moshi ya viwandani inayotiwa kwenye chupa nyingi za dukani.

KILE KILICHOPIKIKA PEMBENI

Jumamosi ile nilimwomba mume wangu jambo moja tu: "Niwashie moto kabla hujatoka." Akauwasha. Nikamwambia vitunguu vinahitaji mtu wa kuvigeuza. Akageuza. Saa saba ikapita. Sosi ilipofika kwenye kuchemka polepole nikampa mwiko, mimi nikawa nakata kachumbari.

Dakika 40 ni nyingi, jamani. Hamna televisheni pale nje, hamna mshikaji wa kupiga naye soga. Baada ya kimya kirefu, macho yake yako kwenye sufuria, akasema, "Kuna kitu sijakwambia."

Alikuwa amekopa. Mdogo wake alikwama ada ya chuo, naye akachukua mkopo bila kuniambia, unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Ile hela tuliyopanga kuanzia msingi wa nyumba haikuwepo. Kila Jumamosi akiwa nyumbani aliogopa nitauliza tunaanza lini kujenga. Ndiyo maana alikuwa anakimbilia mnadani.

Siwezi kusema nilifurahi. Nilikasirika sana, na kilichoniuma siyo hela, ni siri. Nilinyamaza mpaka sosi ikaanza kushika chini, akaniambia, "Mama, inaungua," nikamjibu, "Basi koroga." Tukacheka bila kupenda. Nyama tulikula kimya kimya, lakini tulikula pamoja. Jumapili tukakaa na daftari, tukaandika deni lote, tukasogeza msingi mbele kwa mwaka mmoja.

USIRUDIE KOSA LANGU

Nyama ya mbuzi ipake chumvi na ndimu tu. Sogeza mkaa upande mmoja wa jiko, nyama ianze upande usio na moto mkali mpaka iive, kisha ipeleke kwenye moto ipate rangi. Sosi inapakwa dakika tano za mwisho, mara mbili, ukigeuza. Sukari ya zabibu na asali huungua upesi kuliko nyama inavyoiva, na hilo ndilo lililoniangusha siku ile. Tenga bakuli la kupakia na bakuli la mezani. Brashi iliyogusa nyama mbichi isiingie kwenye sosi ya kulia.

Itakayobaki iweke kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ndani ya friji, uitumie ndani ya wiki moja. Zabibu zikiadimika, tumia embe lililoiva au nanasi na upunguze asali. Unga wa ubuyu vijiko viwili unaweza kushika nafasi ya nusu ya ukwaju, nao unaifanya sosi iwe nzito.

Mume wangu bado anakwenda Msalato. Safari hizi ni mara moja kwa mwezi, na mara nyingine tunakwenda wote, mimi ndiye ninayebishana bei. Jumamosi zilizobaki jiko linawaka uani, na yule mama wa zabibu anajua nyumba ya kugonga kwanza.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiona sosi imeanza kuwa nzito na mpenzi wako amenyamaza, usimharakishe. Mpe mwiko akoroge. Mlo mwema!