Soma Lebo Kabla ya Kuchomeka



Kila likizo inapokaribia, masanduku hufunguliwa sebuleni na zawadi za nyumbani huanza kupangwa: simu ya mjomba, kompyuta ya mtoto aliyeingia sekondari, kipima presha cha bibi. Katika pilikapilika hizo kuna kitu kidogo cheusi ambacho aghalabu hatukitazami mara mbili. Kitu hicho ni adapta, yaani kile kisanduku kinachochomekwa ukutani ili kukipatia chombo umeme wa kiasi chake. Mwandishi anakizungumzia leo kwa sababu kosa litakaloelezwa hapa alilifanya yeye mwenyewe.

Mwaka 2016 nilimpelekea shangazi yangu, Unguja, nebulaiza, ile mashine inayoigeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta kwa pumzi. Niliinunua hapa Marekani. Plagi yake ilikuwa na pini mbili bapa, nami nilijua kwamba nyumbani soketi nyingi ni za pini tatu kubwa, kama za Uingereza. Basi nikanunua plagi ya kubadilishia kwa dola chache, nikajiona mtu mwenye hadhari. Usiku wa tatu shangazi alibanwa na kifua. Adapta ilipochomekwa ilitoa mlio mmoja, ikafuatia harufu ya kuungua, kisha kimya. Jirani mwenye gari ndiye aliyempeleka hospitali, na alhamdulillahi alipata nafuu kabla ya alfajiri.

UMEME SI MMOJA DUNIANI

Kosa langu lilikuwa hili: nilitazama umbo la plagi, sikutazama nguvu ya umeme. Marekani na Canada hutumia volti 120. Tanzania na Uingereza hutumia volti 230. Kenya, Uganda na Oman, 240. Plagi ya kubadilishia hubadilisha umbo la pini tu. Umeme unapita vile vile ulivyotoka ukutani. Kumvalisha mtu kanzu nyingine hakumgeuzi kuwa mtu mwingine.

Lau ningeisoma lebo ya adapta ile, ningeona neno INPUT, yaani umeme unaoingia, na mbele yake volti 120 peke yake. Adapta inayofaa kusafiri huandikwa 100-240V, 50/60Hz. Hiyo hupokea umeme wa Chicago na wa Chake Chake bila taabu, nayo haihitaji zaidi ya plagi ya kubadilishia.

FUNDI WA DARAJANI

Watu wa nyumbani walidhani mashine imekufa, na ilikaribia kutupwa. Binamu yangu akaichukua hadi kwa fundi mmoja wa Darajani. Fundi hakuifungua. Aliigeuza tu, akasoma maandishi yaliyo chini yake: 12V, 2A. Akasema, "Mashine yako nzima. Iliyokufa ni adapta. Tafuta nyingine inayolingana na maandishi haya." Binamu akatoa mfukoni adapta ya king'amuzi, nayo pia ya volti 12. Fundi akaisoma, akaikataa: ilikuwa ya ampea 1 tu.

Katika maelezo ya fundi yule yamo mambo manne ambayo kila mmoja wetu hana budi kuyahakikisha anapochagua adapta badala ya ile iliyopotea au kuungua. Matatu ya mwanzo aghalabu huandikwa kwenye chombo chenyewe, na kwenye adapta karibu na neno OUTPUT, yaani umeme unaotoka.

Kwanza, volti. Lazima zilingane. Chombo cha volti 9 kikipewa 12 kinaweza kuungua. Kikipewa 5 aghalabu hakitawaka.

Pili, ampea. Za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa na chombo, au zaidi. Zikizidi hakuna dhara, kwani chombo huchota kiasi kinachokihitaji tu, kama mtu anayechota ndoo moja katika tangi kubwa. Zikipungua, adapta hulemewa, hupata moto na huweza kuungua. Ndiyo sababu ile ya king'amuzi ilikataliwa.

Tatu, aina ya umeme na pande zake. Mstari mnyoofu wenye vistari chini yake ni umeme wa upande mmoja. Alama ya wimbi ni umeme unaogeuka geuka kama ule wa ukutani. Aina hizi zisichanganywe. Tazama pia mchoro mdogo wenye alama za kujumlisha na kutoa: huonyesha upande gani uko katikati ya ncha. Adapta nyingi zina kujumlisha katikati, lakini si zote, na kukosea hapo kunaweza kukiharibu chombo.

Nne, ukubwa wa ncha. Kuna ncha mbili zenye unene sawa wa nje, milimita 5.5, lakini tundu la ndani la moja ni milimita 2.1 na la nyingine 2.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chukua chombo chenyewe dukani ukajaribishe.

SIMU, PASI NA BIRIKA

Simu na kompyuta za siku hizi zimepunguza shida hii. Tangu 28 Disemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha simu mpya zinazouzwa huko zichajiwe kwa tundu la USB-C. Chaja ya aina hii iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni huanza na volti 5, na haipandishi mpaka chombo kiombe. Hata hivyo tazama wati: chaja ya simu ya wati 20 haitoshi kwa kompyuta inayohitaji 65.

Ama vyombo vya kutoa joto, hivyo ni shauri jingine. Pasi au birika ya Kimarekani ya wati 1,000, ikichomekwa kwenye volti 240, huvuta takriban wati 4,000, maana volti zikiwa maradufu nguvu huwa mara nne. Huo ni moto. Vyombo hivi ni bora vinunuliwe huko huko. Anayeshikilia kuvibeba atahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye wati nyingi kuliko za chombo. Na transfoma haibadilishi Hertz: saa inayohesabu mapigo ya umeme wa Marekani, ambayo ni 60 kwa sekunde, ikitumiwa penye 50 hubaki nyuma dakika 10 kila saa. Asiitegemee mtu kwa kuamkia daku.

Ndugu zangu, kabla ya kufunga sanduku, chukua kalamu na kipande cha gundi ya karatasi, uandike juu ya kila adapta jina la chombo chake. Na ukiwa umekwisha kupeleka chombo nyumbani, piga simu leo, umwombe aliye karibu akusomee maandishi ya kwenye adapta kabla hakijachomekwa. Shangazi bado anaitumia mashine ile, kwa adapta ya Darajani. Iliyoungua ninayo mimi, juu ya meza ninapoandikia.

Wabillahi tawfiq.