Skrini Mbili Ukutani: Kuchagua Mikono ya Kuzibeba Katika Chumba cha Tabibu

Picha ya eksirei ya kifua cha mtu mzima kwa kawaida husimama. Filamu yake ya jadi ina upana wa sentimita 35 na urefu wa sentimita 43. Skrini za kompyuta zinazouzwa madukani, kinyume chake, hulala. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha 30. Tabibu akiifungua picha ya kifua humo, picha hubanwa katikati kwa upana usiozidi sentimita 25, na pande zote mbili hubaki weusi mtupu. Akiizungusha skrini hiyohiyo ikasimama, picha hupata upana wa sentimita 30 na kimo cha 37, yaani eneo la mara moja na nusu, bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bei ya skrini. Ni kweli kwamba skrini ya kawaida haichukui nafasi ya skrini maalumu ya mtaalamu wa mionzi katika kutoa uamuzi wa mwisho. Hata hivyo, kwa tabibu anayemweleza mgonjwa wa kikohozi kile kilichoonekana kifuani mwake, tofauti hiyo si ndogo.

Tuchukue mfano wa chumba cha tabibu katika kata kama Mchombe, kwenye njia ya kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Chumba ni chembamba. Meza moja, viti viwili, kitanda cha uchunguzi. Tabibu anahitaji skrini moja ya kumbukumbu za mgonjwa na nyingine ya picha na majibu ya maabara. Meza haizitoshi zote mbili pamoja na daftari na kipimo cha shinikizo la damu. Hapo ndipo linapokuja wazo la kuzipandisha ukutani, moja juu ya nyingine, kwa mikono ya chuma inayorefuka, kuinama na kuzunguka.

Wanunuzi wengi huanza na mkono wenyewe: ung'ao wake, viungo vyake, bei yake. Inafaa kuanza na ukuta.

Majengo mengi ya bondeni ni ya matofali ya kuchoma. Tofali lililoiva vizuri hushika parafujo barabara, lakini tanuru moja hutoa matofali yaliyoiva na mengine yaliyo karibu na udongo mbichi, na lipu huyafunika yote yakafanana. Zaidi ya hayo, katika majengo ya zamani matofali huweza kuwa yameungwa kwa udongo badala ya saruji. Fundi atoboe kwanza tundu dogo la majaribio na kulitazama vumbi linalotoka. Vumbi jekundu, kavu na gumu kutoka ni dalili njema. Drili ikizama kama inayotoboa muhogo, hapo si mahali pa kutegemea plagi ya plastiki. Dawa yake ni bolti ndefu zinazopenya ukuta mzima, zikifungwa upande wa pili kwenye bamba la chuma, au ubao mnene wa mtiki uliofungwa ukutani kwa bolti nyingi zilizotawanyika, kisha mkono ukafungwa kwenye ubao huo. Mtiki unapandwa bondeni humu, na mchwa hauupendi sana kama waupendavyo msonobari.

Kwa nini tahadhari yote hiyo kwa kitu cha kilo 4? Kwa sababu mkono ni wenzo. Skrini ya kilo 4 iliyovutwa sentimita 50 kutoka ukutani, kwenye bamba lenye parafujo za juu na za chini zilizoachana sentimita 10, huzivuta parafujo za juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20. Ikirudishwa hadi sentimita 10, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 4. Hesabu hii haijaingiza uzito wa mkono wenyewe, wala mtoto atakayeiona skrini ikining'inia akaamua kuishika. Kwa hiyo mkono mrefu kuliko mahitaji ni hasara, hata ukiuzwa kwa bei ileile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tupendekeze, kwa skrini mbili za kupangana, mlingoti mmoja uliofungwa ukutani juu na chini, badala ya mikono miwili yenye mabamba madogo yanayojitegemea. Skrini mbili za kilo 4 kwenye mlingoti ambao ncha zake zimeachana sentimita 60 huivuta ncha ya juu kwa nguvu ya kilo 7 hivi tu, nazo zikiwa zimevutwa sentimita 50 zote mbili.

Upande wa skrini mambo ni mepesi. Mgongoni tazama matundu manne yaliyopangwa mraba wa milimita 75 au 100. Huo ni mpango wa kimataifa unaojulikana kwa jina la VESA, na parafujo zake huwa za M4. Skrini isiyo na matundu hayo isinunuliwe kwa kazi hii. Parafujo ndefu kupita kiasi huweza kuharibu vilivyomo ndani.

Sasa kuzunguka. Skrini inayozungushwa haihitaji nafasi ya kimo chake tu, bali ya pembe zake, ambazo huchora duara la nusu-kipenyo cha sentimita 30.5. Skrini ya juu ikizungushwa hapohapo ilipo, kitovu chake lazima kiwe sentimita 46 juu ya kitovu cha ile ya chini, na zaidi kidogo kwa ajili ya fremu. Ikivutwa mbele kwanza, ikageuzwa, kisha ikarudishwa, sentimita 42 zinatosha. Sentimita hizo nne ni shingo ya mtu, kwa hiyo mkono wa juu uweze kuvutwa na pia kupanda na kushuka kwenye mlingoti.

Kuhusu shingo, ukingo wa juu wa skrini ya kazi kuu ulingane na macho ya aliyeketi au uwe chini yake kidogo. Hivyo skrini ya chini, iliyolala, iwe ya kumbukumbu, na ya juu, inayozunguka na kuinamishwa kuelekea chini, iwe ya picha zitazamwazo kwa dakika chache. Anayesoma picha kutwa nzima asipange juu na chini kabisa; atafute meza pana zaidi.

Skrini inayogeuka kumwonyesha mgonjwa picha yake huweza pia kugeuka kuwaonyesha walioketi kwenye benchi nje ya dirisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu chumba hiki kama inavyohusu benki, na majibu ya kifua kikuu au Virusi vya Ukimwi hayapaswi kusomwa kupitia vioo vya dirisha. Chagua mkono wenye kizuizi cha mzunguko, au ufungwe kwenye ukuta ambao skrini haiwezi kuutazama mlango.

Mikono yenye springi ya gesi ni mizuri ikirekebishwa kulingana na uzito wa skrini; isiporekebishwa hushuka taratibu, au hupanda yenyewe. Ile ya kukaza kwa spana ni ya bei nafuu, na fundi yeyote wa baiskeli anaielewa. Chuma kiwe kimepakwa zinki au rangi ya kuoka, kwa kuwa masika ya Kilombero hayasamehi. Nyaya ziachiwe urefu wa kutosha mzunguko mzima. Na mijusi watakuja. Mgongo wa skrini una joto wanalolipenda, basi pafutwe kila wiki.

Kabla ya kutoboa chochote, kata maboksi mawili yenye vipimo vya skrini, yabandike ukutani kwa gundi ya karatasi, ukae kwenye kiti chako siku nzima ya kliniki. Kisha uhamie kiti cha mgonjwa, utazame kutoka hapo.