Kiwanda Kisichotumia Umeme

Kila niwaulizapo wanafunzi wangu maana ya neno "kiwanda", hunijibu kuwa ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu.

Katika nyumba kongwe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa. Hewa yenye joto hupandia hapo, na iliyo baridi ikaingia vyumbani. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewa kupata moto, na vichochoro vyembamba hutiliwa kivuli na nyumba zenyewe.

Kiyoyozi, kinyume chake, hakiui joto. Hulitoa chumbani kikamtupia jirani, nasi tukalipia umeme. Hata hivyo, twazidi kujenga nyumba za vioo zisizopitisha kaskazi wala kusi.

Walimu wenzangu, tuyafundishe maneno haya pamoja na maarifa yaliyomo. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Utumwa wa leo huletwa na bili kila mwezi.