Besi Fupi Ikishushwa Sauti, Yataka Uzi Gani?

Mpiga udi hana dhiki hii. Wimbo ukitaka kutua chini, yeye hukishika kigingi cha uzi wake mnene, akaulegeza mpaka akaridhika, na chombo kikaendelea kunena. Mwenye kazi ni jirani yake wa gitaa la besi. Besi ya nyuzi nne huanzia E upande wa chini, kisha A, D na G. Ama wenye elimu ya maqamu watakwambia kwamba Bayati hutua juu ya D na Rasti hutua juu ya C. Sauti hizo, zile za chini kabisa ambazo sikio huzingojea wimbo unapotua, besi haina. Hulazimika kuzipiga oktava moja juu, na taarabu ikawa kama nyumba isiyo na sakafu.

Tena yupo mwimbaji. Koo la miaka 60 si lile la miaka 25, na wimbo ule ule alioupaza ujanani sasa huomba uteremshwe. Basi mpiga besi hulegeza nyuzi. Hapo ndipo balaa huanza kwa mwenye besi fupi.

Besi fupi si mchezo wa watoto. Besi ya Fender iliyotoka Marekani mwaka 1951 ilikuwa na uzi wenye urefu wa inchi 34 baina ya kichwa cha shingo na daraja. Wajerumani wa Höfner, mwaka 1956, walitoa ile yenye umbo la fidla yenye inchi 30 hivi, na ndiyo aliyoipiga Paul McCartney wa Beatles. Ni nyepesi, haichoshi bega, na vidole vifupi huifikia vyema. Lakini, ndugu msomaji, wepesi huo una gharama yake.

Hebu tupige hesabu. Uzi wa E wenye unene wa elfu 105 za inchi (mafundi husema 105 tu), ukifungwa kwenye besi ndefu, huvutwa kwa nguvu ya kilo 18 hivi. Ufunge uzi huo huo kwenye besi fupi, sauti ikiwa ile ile, mkazo hushuka mpaka kilo 14. Uteremshe sasa hadi D, hubakia kilo 11. Umepoteza zaidi ya thuluthi, kwa sababu mkazo hufuata mraba wa urefu na mraba wa mitetemo. Uzi wa namna hiyo hupwaya, hugonga vyuma vya shingoni ukapiga kelele kama bati bovu, na ukiubonyeza kwa nguvu kidogo sauti huhama. Watu humlaumu mpigaji, au hulaumu spika, na kosa ni la uzi.

Dawa yake ni unene. Kwa kila sauti moja nzima unayoteremka, zidisha unene kwa 1.12. Seti ya kawaida ya 45, 65, 85 na 105 itakuwa karibu na 50, 73, 95 na 118. Dukani chukua zilizo jirani na hizo. Mwenye kutaka kufika C kwa ajili ya Rasti atafute 130 kwa uzi wa chini, unene ambao wapigaji wa besi ya nyuzi tano huutumia kwa uzi wao wa B. Lakini asije akaukaza uzi huo mpaka E: mkazo utazidi wa kawaida kwa zaidi ya nusu, na shingo itapinda.

Unene peke yake hautoshi. Nunua nyuzi zilizotengenezwa kwa besi fupi. Uzi wa besi ndefu huwa mwembamba karibu na ncha yake tu. Kwenye besi fupi sehemu nene hufika kwenye kigingi, na wengine huikata, msokoto ukafumuka na uzi ukafa. Kisha utazame mfuo ule mdogo ambamo uzi hupita pale shingo inapoanza. Uzi wa 118 hauingii katika mfuo wa 105; utakaa juu juu. Fundi aupanue kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo. Na vipande vya daraja virudishwe nyuma kidogo, maana uzi mnene ni mgumu na hupanda sauti kadiri mkono unavyopanda shingoni.

Kwa taarabu mimi napendelea zile zenye msokoto bapa. Hazikwaruzi kama zile za mviringo, na haziingilii maneno ya mwimbaji. Anayeteremsha uzi wa chini tu hana haja ya seti nzima. Uzi mmoja mmoja nao huuzwa. Ila uzi mpya huendelea kunyooka siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo usiufunge asubuhi ya harusi.