Shahada ya Uzamili ya Biashara na Ghala la Ufipa

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hutangaza nafasi za masomo ya shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara, na kila mwaka watumishi wa Serikali, wa mashirika ya umma na wa vyama vya ushirika huziomba nafasi hizo. Hilo ni jambo jema. Taifa linalopenda maendeleo haliwezi kuchukia wananchi wake kusoma. Lakini kusoma ni jambo moja, na kujua ni nini kinachosomwa, kwa gharama ya nani na kwa faida ya nani, ni jambo jingine. Leo tunapenda kuieleza shahada hiyo: jinsi ilivyojengwa, inadai nini kwa mwenye kuitaka, na sisi tunaowagharimia wasomi tuna haki ya kudai nini kwao. Tutaipima mahali ambapo ndugu zetu wa Visiwani pengine hawakupatazamia, yaani Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza: Sumbawanga inatuhusu nini? Jibu la kwanza ni kwamba elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia ubora wa shahada zinazotolewa Dar es Salaam na Mbeya, na ndiyo hiyo hiyo inayosimamia zile zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vingine vya Visiwani. Mizani ni moja. Jibu la pili ni kwamba mkulima wa mahindi wa Laela na mkulima wa karafuu wa Wete wana shida zinazofanana. Wote wawili huvuna kwa msimu na kula kwa mwaka mzima. Wote wawili hupata hasara mavuno yasipokauka sawasawa. Na wote wawili, mzigo ukishatoka mikononi mwao, hutegemea uhodari na uaminifu wa watu walioketi ofisini.

Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Zamani Wafipa walifukia nyasi chini ya matuta yao, yaitwayo intumba, zikaoza zikawa mbolea. Tena walikuwa wafua chuma mashuhuri, waliojenga tanuri ndefu za udongo na kugawana kazi baina ya wachimba mawe, wachoma makaa na mafundi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kupanga kazi na kugawa majukumu ni elimu iliyoletwa na meli. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, kipindi kile kile Serikali ilipoanza kuweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima, mkulima wa huku aliyekuwa mbali na soko alipata nguvu ya kulima, na Rukwa ikaingia katika mikoa minne mikubwa kwa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi hayo yakajaza maghala. Swali likawa, na lingali hadi leo: nani atayaendesha maghala hayo?

Swali hilo si la Rukwa peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yalipokuwa mali ya umma, ilidhihirika kwamba kuichukua mali ni kazi ya siku moja, na kuiendesha ni kazi ya miaka mingi. Ndipo mwaka 1972 kikaundwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, na mwaka huo huo Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam. Kabla ya hapo kilikuwapo Chuo cha Elimu ya Biashara, tangu mwaka 1965, na Chuo cha Ushirika cha Moshi, tangu mwaka 1963. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Biashara na Uongozi. Mzumbe ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001, nayo ina ndaki yake Mbeya, na Moshi ikawa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka 2014. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimepeleka vituo vyake mikoani, Rukwa ikiwamo. Kwa hiyo mtumishi wa Sumbawanga halazimiki tena kuhama nyumba yake ili aipate elimu hii.

Sasa tuitazame shahada yenyewe. Sharti la kwanza ni shahada ya kwanza. Kwa kawaida vyuo hudai wastani wa alama usiopungua 2.7 katika mizani ya 5, yaani daraja la pili la chini. Aliyepungukiwa na wastani huo hafungiwi mlango moja kwa moja, kwani anaweza kupitia stashahada ya uzamili kwanza. Aliyesoma nchi za nje hana budi cheti chake kitambuliwe na Tume. Baadhi ya vyuo huongeza sharti la uzoefu wa kazi, vingine havilazimishi. Sisi twaona wanaolazimisha ndio wenye hoja, maana ni vigumu kumfundisha uendeshaji mtu ambaye hajapata kuendesha hata duka la kijiji.

Katika ngazi 10 za elimu zinazotambuliwa na Tume, shahada ya uzamili ni ngazi ya 9. Haikamiliki kwa krediti pungufu ya 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,800. Mtumishi anayeweza kutoa saa 4 kila siku baada ya kazi, bila kukosa hata Ijumaa wala Jumapili, atahitaji siku 450. Ndiyo sababu masomo haya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwa wasomao jioni au kwa njia ya posta na mtambo huzidi hapo. Mwenye kumwambia mwajiri wake kwamba ataipata kwa miezi michache, ama hajui, ama anadanganya.

Saa hizo hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni masomo: uhasibu wa uendeshaji, fedha za biashara, masoko, utumishi, ugavi na uzalishaji, hesabu za takwimu, sheria za biashara, mipango ya muda mrefu na njia za utafiti. Sehemu ya pili ni tasnifu, yaani utafiti ambao mwanafunzi huuandika mwenyewe chini ya msimamizi, ukapimwa na wataalamu, na kwa kawaida akasimama mbele yao kuutetea.

Ili tusibaki katika majina matupu, tuyapeleke masomo hayo ghalani. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme chama cha ushirika kimenunua mwezi Juni magunia 1,000 ya mahindi kwa shilingi 40,000 kila gunia. Hizo ni shilingi milioni 40, na zote ni za mkopo kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Chama kinangoja miezi 6 bei ipande. Riba ni shilingi milioni 3.6. Ghala linatoza shilingi 500 kwa gunia kwa mwezi, jumla shilingi milioni 3. Dumuzi, panya na unyevu wanakula asilimia 5, yanabaki magunia 950. Gharama yote sasa ni shilingi milioni 46.6. Ukigawa kwa magunia yaliyobaki, kila gunia limekwisha gharimu zaidi ya shilingi 49,000. Kwa hiyo mwenyekiti atakayeuza Desemba kwa shilingi 48,000, akatangaza mkutanoni kwamba amepata faida ya shilingi 8,000 kwa gunia, amewatia wanachama wake hasarani huku wakimpigia makofi.

Katika hesabu hiyo fupi mna uhasibu, mna fedha, mna ugavi, na mna masoko. Mna sheria pia, kwa kuwa tangu mwaka 2005 tunayo Sheria ya Stakabadhi za Ghala, inayomwezesha mkulima kuweka mazao ghalani na kuitumia stakabadhi yake kama dhamana ya mkopo. Tena mna mipango ya muda mrefu, kwa sababu bei haipandi kila mara kwa amri ya kalenda. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ili kulinda chakula cha nchi, na aliyekuwa ameyaweka akitazamia soko la Zambia au la Kongo kupitia bandari ya Kasanga alijikuta na ghala lililojaa na deni linalokua. Mwendeshaji aliyeelimika hawezi kulizuia tangazo la namna hiyo, lakini anapaswa kuwa amelifikiria kabla halijatoka.

Hapa ndipo tunapofika katika jambo letu hasa. Katika vyuo vya Kurani tulivyosoma utotoni, mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa amehitimu kwa sababu ya kuhudhuria. Alikaa mbele ya mwalimu, akasoma, na palipokosewa palirudiwa. Tasnifu ndiyo kikao hicho kwa mwanafunzi wa uzamili. Masomo mtu anaweza kuyakariri, akafaulu, akayasahau. Tasnifu inamdai alitazame jambo moja la kweli, akusanye habari zake mwenyewe, na ajibu maswali ya wanaojua kuliko yeye. Kinachosikitisha ni kwamba sehemu hii, iliyo roho ya shahada, ndiyo wengi wanaoiona mzigo. Wako wanaochagua mada rahisi ili wamalize upesi. Wako wanaotafuta watu wa kuwaandikia kwa malipo, na huo ni wizi: wa heshima ya chuo, na wa fedha za umma ikiwa umma ndio uliolipa. Tena hata iliyoandikwa kwa uaminifu, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, huwekwa katika rafu ya maktaba, na watu walioulizwa maswali, yaani wakulima na makarani wa maghala, hawapati kujua majibu yao yalizaa nini.

Tunatoa rai kwa maofisa wa Serikali, Bara na Visiwani, wenye dhamana ya kuwaruhusu watumishi kwenda masomoni. Kwanza, mtumishi anapoomba ruhusa au fedha za umma kwa ajili ya shahada hii, asiulizwe jina la chuo peke yake. Aulizwe: utachunguza nini? Rukwa haina uhaba wa maswali. Kwa nini chama kimoja cha ushirika kinasimama na jirani yake kinaanguka? Kiasi gani cha mahindi hupotea kati ya shamba na ghala? Mkulima anapoteza nini anapouza kwa rumbesa? Pemba nayo ina yake: gharama za kukausha karafuu zinamwachia mchumaji na mwenye shamba kiasi gani?

Pili, kila aliyegharimiwa na umma aandike muhtasari wa tasnifu yake kwa Kiswahili, kurasa chache tu, na ausome mbele ya wale aliowachunguza. Asiyeweza kuieleza tasnifu yake kwa Kiswahili chepesi mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika, twaingiwa na shaka kama yeye mwenyewe aliielewa.

Tatu, akirudi kazini apewe kazi inayolingana na elimu aliyoipata. Kumsomesha mtu masoko na fedha, kisha kumrudisha katika meza ya kugonga mihuri, ni kununua jembe na kulitundika ukutani. Na yeye naye asiione shahada kuwa ngazi ya mshahara tu. Mshahara ni haki yake, lakini haukuwa sababu ya taifa kumsomesha.

Tunajua kutakuwa na watakaosema kwamba elimu ni haki ya mtu binafsi na kwamba hapangiwi mtu la kuchunguza. Anayejilipia ada yake, hatuna neno naye, na tunamtakia heri. Lakini aliyelipiwa kwa kodi ya mvuvi wa Kojani na kwa ushuru wa gunia la mkulima wa Ufipa amechukua amana, na amana hurudishwa. Msimu ujao maghala ya Sumbawanga yatafunguliwa tena, mizani itatolewa nje, na wakulima watasimama mstari wakingoja. Mwenye shahada na awepo pale, akiwa na kalamu mkononi.