Bilauri nzito na maji ya ukwaju
Zile bilauri nzito zenye nakshi, na chupa yake ya kizibo cha kioo, zilitengenezewa mvinyo na wiski. Majumbani kwetu hutiliwa maji ya ukwaju wakati wa kufuturu. Sina neno na hilo, chombo huoshwa. Neno langu ni madini ya risasi. Kioo cha aina hiyo, hasa cha zamani, chaweza kuwa na oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi. Uchachu wa ukwaju na ndimu huitoa risasi ikaingia kinywajini, na kikilala humo usiku kucha huzidi. Watoto ndio huumia zaidi, ubongo wao ungali wakua. Ukinunua za mtumba, gonga ukingo kwa ukucha. Ikilia kama kengele, tena nzito kuliko umbo lake, ishuku: iwache kabatini iwe pambo, na ukwaju utie jagi la kioo cha kawaida.