Ligi Inapovuka Mpaka

Msimu wa 2024-25, timu iliyomaliza kileleni mwa ligi kuu ya Mauritania haikuwa ya Mauritania. Ilikuwa Al Hilal ya Omdurman, Sudan, iliyokimbia vita vilivyoanza Aprili 2023 na kupokewa huko pamoja na watani wake wa jadi, Al Merrikh. Pamoja na kuongoza msimamo, Al Hilal haikupewa nafasi ya kuiwakilisha Mauritania kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Hiyo ilibaki kwa wenyeji. Msimu uliofuata, timu zote mbili zikaingia ligi ya Rwanda, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa Ruti, Mbarara. Swali ambalo mashabiki wa Marekani na Uingereza wamelijadili kwa miaka likawa limetubishia hodi: je, ligi iwe na timu katika nchi nyingine?

Katiba ya FIFA ina jibu kali. Klabu hairuhusiwi kushiriki mashindano katika nchi ya shirikisho jingine ila kwa sababu za kipekee, tena kwa ridhaa ya mashirikisho yote mawili, ya shirikisho la bara na ya FIFA yenyewe. Wengi huona huo ni urasimu mtupu. Mimi naona kuna hekima ndani yake, kwa sababu ligi kuu si orodha ya timu kumi na sita tu. Hapa Uganda, chini yake kuna Big League, kisha ligi za mikoa, kisha za wilaya, na mtoto anayecheza pekupeku Isingiro yumo katika mfumo huo hata kama hajui. Mbarara City ilipanda ligi kuu mwaka 2017 kwa kuupitia. Timu iliyopandikizwa kutoka nje haina kitu chini yake: hakuna wilaya inayoilisha wachezaji, na ikishuka daraja haijulikani itashukia wapi.

Umbali wenyewe si hoja. Mbarara City ilipokuwa ikicheza na Onduparaka ya Arua, ilisafiri mbali zaidi kuliko kama ingekwenda Kigali. Kinachosumbua ni mpaka, nasi wa kusini magharibi tunalijua hilo vizuri: mpaka wetu na Rwanda pale Katuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Ligi ya nchi mbili ingekufa msimu wa kwanza. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga mipaka, Wellington Phoenix ya New Zealand, ambayo hucheza ligi ya Australia, ililazimika kuhamia Australia ili imalize ratiba.

Siasa nazo huingia uwanjani bila tiketi. Machi 2024, Dynamo ya Bujumbura ilikwenda Afrika Kusini kwa Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, ambayo NBA iliianzisha pamoja na FIBA na kuizindua Kigali mwaka 2021. Jezi za mashindano zilikuwa na tangazo la utalii la Rwanda, na wakati huo Burundi ilikuwa imeshafunga mpaka wake na Rwanda. Dynamo ilishinda mechi ya kwanza ikiwa imeliziba tangazo hilo, kisha ikakataa kulivaa, ikapoteza mechi mbili bila kucheza na kuondolewa. Wachezaji wale walifuzu kwa jasho lao, na waliorudi nyumbani mapema ni wao, si waliogombana.

Kwa hiyo, ligi inayotaka kupeleka timu ng'ambo kwa ajili ya soko tu, mimi siiungi mkono. Toronto Wolfpack iliingizwa ligi za raga za Uingereza mwaka 2017, ikiwa na wachezaji wengi kutoka Uingereza na Australia na kijana wa Toronto akiwa wa kuhesabika; Julai 2020 ilijitoa katikati ya msimu kwa kukosa fedha. Ligi ya Hispania nayo ilipanga Villarreal na Barcelona wachezee Miami Desemba 2025, wachezaji wakagoma kwa kusimama tuli mwanzoni mwa mechi zao, na mpango ukafutwa.

Timu inayokimbia vita ni habari nyingine kabisa. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali. Hapa hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini timu iliyofukuzwa na risasi ipewe uwanja. Wanawake wa timu ya taifa ya Afghanistan waliokimbilia Australia walisajiliwa mwaka 2022 katika daraja la chini la jimbo la Victoria, chini ya klabu ya Melbourne Victory. Waliingilia chini, kama timu yoyote mpya.

Lakini hifadhi inahitaji masharti yaandikwe kabla ya mechi ya kwanza: pointi zihesabiwe vipi, bingwa awe nani mgeni akiongoza, nani alipe safari, na mgeni arudi kwao lini. Na shirikisho linaloweza kuipokea klabu nzima kutoka Omdurman halina sababu ya kumzungusha kijana mmoja wa Nakivale anayetaka leseni ya kuchezea timu ya wilaya. Kanuni za uhamisho za FIFA zinaruhusu hata aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa ikiwa alikimbia kuokoa maisha yake. Makatibu wa timu za Isingiro na Mbarara wanapaswa kukijua kifungu hicho, na kukitumia kila dirisha la usajili linapofunguliwa.